Mkono Unaovuta Kamba

Garimoshi lilipoanza kuondoka Mpanda, Doto alikuwa bado ndani. Alikuwa amepanda kumfunika mume wake blanketi na kumwonyesha mwanawe Osward alikoweka chupa ya maji, kisha akasimama kidogo kumsikiliza mzee akilalamika kwamba blanketi linanuka dagaa. Halikuwa kosa la blanketi. Mama aliyekaa mbele yao alikuwa na magunia mawili ya dagaa kutoka Ikola, na behewa zima lilinuka hivyo hivyo. Behewa likajigonga mara moja, mara ya pili, likaanza kwenda. Huko chini mkaza mwana wake, Odeta, alikuwa akipunga mkono wa kuaga. Akauacha mkono hewani alipoona kwamba hata mama mkwe anaondoka.

"Nyie, mimi siendi," Doto alisema.

"Unakwenda," alijibu mzee Telesphor. "Kaa basi."

Akakaa. Alikuwa na kandambili miguuni na khanga moja, na tiketi hana. Mkono wa Osward ulikwenda wenyewe kifuani, kwenye mfuko wa ndani ulioshonwa na Odeta, na mama yake akauona ukienda.

Joto lilikuwa la mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Mzee akafungua vifungo vya shati. Yule mama wa dagaa akatazama, akageuka, akatazama tena, mwisho uvumilivu ukamwishia, akauliza kwa adabu babu ana nini pale chini ya mtulinga, mbona kama ameweka kipande cha sabuni ndani ya ngozi.

Telesphor alipenda sana kuulizwa hivyo. Akaeleza kwamba ile ni mashine. Moyo wake ulikuwa mvivu, unapiga halafu unasahau, na miaka saba nyuma padri mmoja mzungu aliyekuwa akila asali yake alimpeleka Nairobi kwa ndege ya misheni. Huko wakampasua na kumwekea mashine yenye waya unaoshuka mpaka ndani ya moyo kuukumbusha kazi. Watu wa viti vya jirani wakasogea kusikia. Ndipo akafika mahali alipokuwa akipataka tangu mwanzo.

"Kwanza waliniuliza, mzee, unakula kwa mkono gani? Nikajua hapa leo kuna wali. Nikasema wa kulia, kwani mimi sina adabu? Sista akaandika. Nikangoja wali. Nilipoamka, mashine ninayo, wali hakuna."

Behewa likacheka. Doto naye alicheka, ingawa alikuwa ameisikia kila alipokuja mgeni. Osward peke yake alikuwa anatazama bega la baba yake la kushoto. Msuli wa pale ulikuwa ukiruka wenyewe, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi, na mzee aliushika kwa mkono wa kulia huku akiendelea kucheka. Tangu kiangazi kianze alikuwa ameanguka mara nyingi. Anasimama, macho yanageuka, anakwenda chini. Hospitali ya Mpanda walimsikiliza kifua wakasema wazi kwamba mashine ya namna hiyo hawaijui, apelekwe kule ziwani, Mwanza, kwenye hospitali kubwa.

Mkaguzi wa tiketi alipofika, Osward alitoa mbili. Mkaguzi akauliza ya mama iko wapi. Osward akaanza kueleza habari ya blanketi, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana uongo. Mkaguzi hakuwa mtu mkali. Alisema tu, kwa sauti ya kusikiwa na behewa lote, kwamba kila safari kuna wasindikizaji wanaosahau kushuka mpaka wanafika Tabora kwa mashemeji zao, na kwamba anayesindikiza husindikiza akiwa chini. Alipe nauli na faini, au ashuke kituo kinachofuata.

Watu wote wakatazama mfuko wa Osward. Hakuna aliyeambiwa zile hela ni za nini, lakini wote walikwisha kujua. Osward akaingiza vidole.

"Usimpe," Doto alisema. "Nitashuka."

Mzee akamwambia ashuke Katumba, aende kwa wazazi wa Odeta watampa pa kulala, na awasalimie. Akaongeza kwamba kandambili zile ndizo alizomkataza kununua. Garimoshi liliposimama, mkaguzi akamshika mkono kumsaidia kwenye ngazi, kama anavyoshikwa mgonjwa. Doto alisimama kwenye kokoto za reli. Mume wake alitaka kumwambia neno, akaona watu wanatazama, akainua kidevu tu.

*

Daktari aliyewapokea Mwanza aliitwa Leonidas, kijana wa Kihaya aliyesema polepole na hakuwa na tabia ya kutazama saa. Aliiweka picha ya kifua mbele ya taa, akawaita wote wawili wasogee. Wakaona mashine, nyeupe kama kopo lililokanyagwa. Wakaona waya wenyewe unavyoshuka. Kisha daktari akaweka ncha ya kalamu chini kidogo ya mtulinga, na pale uzi ule mweupe ulikuwa umeachana, mwanya mwembamba kuliko ukucha.

Akasema mashine ni nzima. Betri yake bado ina nguvu, itafika miaka mitatu zaidi, labda na kitu. Ila waya umekatika. Mashine inapiga, moyo hausikii, na ule umeme unaopotea ndio unaorusha msuli wa bega.

Akauliza mzee anafanya kazi gani.

"Mkulima," Osward alijibu haraka. Alikuwa fundi seremala wa mjini, mwenye karakana Shanwe, na mbele ya watu waliosoma hakupenda sana habari za nyuki.

"Si mkulima," alisema Telesphor. "Mkulima ni mama yake huyu. Mimi mrina asali."

Daktari akataka kujua mizinga inapandishwaje juu ya mti. Mzee akafurahi. Akasimama pale pale kwenye chumba, akaeleza kwamba mzinga ni gogo zima lililochimbwa, mzito kama mtu. Unatupa kamba juu ya tawi, unafunga, kisha unavuta. Mkono mmoja unakumbatia mti usianguke, mkono mwingine unavuta, na ukishavuta unazungushia kamba kiwikoni, unavuta tena. Akaonyesha. Mkono uliovuta hewani ulikuwa wa kushoto.

"Siku zote unavuta kwa huo?"

"Kamba, panga, shoka, vyote huu. Mimi wa kushoto tangu kuzaliwa. Mama yangu aliufunga kwa gome kila tukikaa kula, mpaka ukakoma. Wa kulia wangu ni wa kula tu, na kuamkia watu."

Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza kama wale wa Nairobi hawakumuuliza mkono anaoutumia.

"Waliniuliza nakula kwa mkono gani."

Osward akaanza kutabasamu, kwa mazoea, kwa sababu yale maneno siku zote yalileta kicheko. Akaona daktari hacheki. Kisha akaona baba yake naye hacheki.

Ilibidi Leonidas aeleze, na alieleza bila kumtazama mzee usoni. Mashine huwekwa upande wa mkono usiofanya kazi nzito, ili waya upumzike. Pale chini ya mtulinga pana nafasi ndogo, na mtu akivuta kwa nguvu, mfupa na mbavu husaga waya katikati yao kama mtu anayetafuna. Wale walidhani mkono wake wa kazi ni wa kulia. Waya ulivumilia miaka saba.

"Basi nilijibu vibaya," alisema Telesphor.

"Ulijibu ulichoulizwa, mzee."

"Nilijibu vibaya."

Osward akauliza kama hauwezi kuunganishwa, kama fundi umeme anavyosokota ncha mbili. Daktari akasema hapana, unahitajika mpya, na hapa hawana, wala hakuna hospitali ya jirani iliyo nao. Unaagizwa nje kupitia kwa wamisheni, na hauagizwi kabla ya kulipiwa. Aliandika bei kwa dola. Osward akaomba aitaje kwa shilingi. Daktari akaitaja. Osward akaomba arudie, akidhani amesikia vibaya, naye akairudia ile ile. Ilikuwa bei ya nyumba yake ya Shanwe na bati zake, na bado haitoshi.

Mzee yeye aliuliza jambo lingine. Waya mpya ukija utawekwa upande gani? Akaambiwa safari hii watahamishia yote kulia.

"Na kamba nitavuta kwa upi?"

"Kamba basi tena, mzee."

Kitanda kilikuwepo, lakini ni cha kulipiwa kila siku, na kusubiri kungeweza kuwa miezi. Leonidas alimvuta Osward pembeni, akamweleza kwamba moyo ukijisahau muda mrefu hautakumbuka tena. Inaweza kuwa mwakani, inaweza kuwa leo jioni. Mzee akasema kutoka huko alikokaa kwamba kama ni kufa atakufa hata Shanwe, na Shanwe hakuna kodi ya kitanda. Wakarudi.

Njiani mtu mmoja aliuliza kile kitu kifuani ni nini. Telesphor akafunga vifungo.

*

Siku hizo Telesphor na Doto walikuwa wameacha nyumba yao ya kijijini Kabungu, wanakaa kwa Osward. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na ua wa matete. Odeta, ambaye wazazi wake walikuja Katumba wakikimbia vita Burundi yeye akiwa mgongoni, alikuta kwa Osward desturi ambazo kwao hazikuwa kali kiasi hicho. Mkaza mwana hakumpa baba mkwe kitu mkononi. Alikiweka chini, akarudi nyuma, mzee akakichukua. Alimsalimu kwa kupiga goti upande, uso umegeuka. Walikuwa wamekaa hivyo miaka yote bila ugomvi, na kwa namna yao walipendana. Mzee alikuwa akisema mbele ya watu kwamba yule Mrundi anapika maharage mpaka yanasamehe.

Asubuhi moja, Doto akiwa shambani na Osward karakanani, mzee alikwenda kuoga nyuma ya matete. Odeta alikuwa anasugua masufuria. Akasikia ndoo inaanguka. Akaita, "Baba?" Hakujibiwa. Akaita tena. Akatoka nje ya ua kuita majirani, na majirani wote walikuwa wamekwenda mnadani.

Akasimama mbele ya matete na majivu mikononi. Kisha akaingia, uso ameugeuza, akipapasa. Alilipata shuka kwanza, akamfunika. Halafu hakugeuza uso tena. Midomo ya mzee ilikuwa na rangi ya vumbi la mkaa, na macho yalikuwa yameachwa wazi. Odeta akakaa kwenye matope, akavuta kichwa chake akakiweka mapajani, akawa anampiga piga shavuni na kumwita kwa Kirundi, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa kimemtoka.

Moyo ukakumbuka. Telesphor akavuta pumzi, akafumbua macho, akaona khanga ya nani iliyo chini ya kichwa chake. Akafumba tena. Odeta aliona kope zikitetemeka, akajua kwamba ameamka. Mkono wake ukasita shavuni, ukaendelea. Naye mzee akajua kwamba amejulikana. Walikaa hivyo, mmoja anajifanya amezimia, mwingine anajifanya anamhudumia aliyezimia, mpaka Doto aliporudi na jembe begani.

Jioni ile mzee hakutoka chumbani kula. Alimwambia Doto amwite Nathanael, mnunuzi wa asali.

"Unataka kumwambia nini?"

"Nauza mizinga."

Doto akasema mizinga ni ya kuvunia kila mwaka. Akiiuza watakula nini mwakani? Mzee akasema mwakani ni mbali.

"Siwezi kufia mapajani mwa mkwe," alisema. "Niletee huo waya. Hata wakiuweka miguuni."

*

Mizinga ilikuwa msituni, nyuma ya Kabungu, kila mmoja kwenye mti wake, na hakuna aliyeijua yote isipokuwa mwenyewe. Kwa hiyo aliyeumwa ndiye aliyepaswa kwenda kuonyesha. Osward alimkalisha kwenye keria ya baiskeli, akamfunga kiunoni kwa mpira, akasukuma. Nathanael alitangulia na vijana wake wawili, akipiga domo njia nzima. Alikuwa mtu wa utani.

"Mzee, umekaa hivyo kama mzinga. Nikutundike na wewe?"

"Nitundike. Hutapata asali."

Kila walipofika, Telesphor alionyesha kwa kidevu. Kijana wa Nathanael alipanda na tezo, akachonga na kuifuta chapa ya zamani, mistari miwili na duara, akakata mpya. Vipande vya mbao vilianguka chini ya mninga. Nyuki walitoka kuona kuna nini. Mzee alikuwa akieleza habari za kila mzinga bila kuulizwa. Huu una hasira. Huu usiurine mpaka miti ya bondeni itoe maua. Huu aliutundika mwaka aliozaliwa Osward. Mwanzoni Nathanael aliitikia, baadaye akawa anahesabu tu.

Walipomaliza, akataja bei iliyo chini ya ile waliyoafikiana mjini. Mizinga mingine imezeeka, alisema, na mvua zinakuja mapema. Osward akapandisha sauti, akamkumbusha maneno yake mwenyewe. Nathanael hakukasirika. Alisema kaka, mimi si msaada wa kanisa, hii ni bei ya mtu mwenye haraka, asiye na haraka hupata nyingine.

"Chukua," Telesphor alimwambia mwanawe.

Ilibaki kamba, iliyoviringishwa kwenye usukani wa baiskeli. Aliisokota mwenyewe kwa magome, mwaka uleule aliorudi kutoka Nairobi, na ilikuwa nyeusi kwa jasho na nta. Nathanael akainyooshea kidole akasema kamba nayo imo.

"Kamba hatukuitaja," Osward alisema.

"Sasa mizinga bila kamba nitapandishia nini, ndevu zangu?"

Mzee akaomba afunguliwe ule mpira. Akashuka, akaichukua, akampa Nathanael kwa mkono wa kulia, kama mtu mwenye adabu anavyotoa kitu. Osward akamfunga tena kwenye keria, akasukuma kurudi. Baiskeli ilikuwa nyepesi bila kamba ile, na Osward aliona ni vibaya kuona hivyo.

Hela hazikutosha. Osward akauza mbao za mninga alizokuwa akizikausha kwa kazi ya madawati ya shule, kisha randa, kisha msumeno mkubwa, mpaka karakana ikabaki benchi na vumbi. Wazazi wa Odeta walikuja kwa miguu kutoka Katumba na mchango ndani ya kitambaa na maharage debe moja. Padri mpya, ambaye hakumjua yule wa zamani wala asali yake, aliwakalisha muda mrefu kwenye benchi la nje, halafu akamalizia kilichopungua. Fedha zikaondoka kwa mkono wa misheni.

*

Mvua za mwaka ule redio ilizipa jina la kigeni. Zilianza na hazikukata. Krismasi watu walikwenda kanisani na viatu mikononi. Baada ya mwaka mpya ukaja ujumbe kwa redio ya upepo ya parokia, padri mwenyewe akauleta chini ya mwavuli. Waya umefika Mwanza, na Dokta Leonidas anasema mzee aletwe mara moja.

Osward alikwenda stesheni siku hiyo hiyo. Mkuu wa stesheni akamwambia hakuna garimoshi. Maji yamechukua tuta huko mbele, reli imebaki inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Lini? Hajui. Osward akarudi kesho yake, na kesho yake tena, mpaka yule mkuu akimwona kwa mbali alitikisa kichwa kabla hajafika, na mwisho akawa anajificha.

Nyumbani mzee alianguka karibu kila siku. Hakuoga tena nyuma ya matete, Doto alimwogesha chumbani. Hakuuliza habari za garimoshi. Alikaa anautazama mkono wake wa kulia, na akiletewa chakula alikula kidogo, polepole, kama mtu anayekula na mgeni asiyemwamini.

Likapatikana lori la mahindi linalojaribu njia ya Inyonga kwenda Tabora. Osward alilipia kiti cha mbele cha mgonjwa. Siku ya kuondoka walikuta kiti kina mke wa mwenye lori na mtoto na sanduku. Dereva akasema yeye ni mwajiriwa tu. Kwa hiyo mzee akapandishwa juu ya magunia, chini ya turubai, Osward akapanda kumshika, na Doto akapanda nyuma yake, na blanketi, na kandambili zile zile. Safari hii hakuna aliyemuuliza tiketi. Odeta aliinama chini, upande wa nyuma wa lori, akapiga goti kwenye maji akaaga. Mzee akamjibu kwa kumwita mwanangu.

Siku ya kwanza walikwama mara mbili, wakatoka. Siku ya pili, kabla ya kufika Inyonga, lori liliingia kwenye kijito na kuzama mpaka ekseli. Abiria wote wakashuka. Osward alimbeba baba yake mgongoni mpaka ukingoni, akamkalisha kwenye gunia karibu na mama yake. Wakafunga kamba ya lori mbele, wanaume wakapanga mstari, wakavuta. Lori halikutikisika. Wakavuta tena, kila mtu kwa wakati wake, wakiteleza na kutukanana.

Telesphor alitazama kwa muda. Akamwambia Doto kwamba watu hawa hawajui kuvuta, wanavuta kwa mikono. Akawapigia kelele wakae chini ya kamba, wavute kwa miguu, wangoje apige mluzi. Mtu mmoja akauliza yule babu ni kondakta wa nani, wakacheka, lakini wakafanya alivyosema, na lori likasogea shibiri moja.

Ndipo akasimama. Doto alimwona akishuka kwenye matope, akitegemea matawi, akaenda mwisho kabisa wa mstari ambako kamba ilikuwa imelala haina mtu. Angeweza kuita. Osward alikuwa mbele kabisa, maji kiunoni, haoni nyuma. Doto hakuita. Mzee akainama, akaiokota kamba kwa mkono wa kushoto, akaizungushia kiwikoni, akapiga mluzi.

Lori likatoka.

Watu wakashangilia, wengine wakaanguka kwenye maji kwa makusudi, kwa furaha. Telesphor akarudi kukaa kwenye gunia. Uso ulikuwa umelowa, lakini na watu wote walikuwa wamelowa. Akasema ana njaa. Doto akafungua kitambaa, akamtolea ugali wa muhogo uliopoa na kipande cha samaki. Akamwagia maji mkono wa kulia, kama siku zote. Mzee akaunawa, akaupangusa kwenye goti, akauweka pale. Kisha akachukua tonge kwa mkono wa kushoto, wenye matope, akala. Akachukua jingine. Doto alitazama pembeni asije akaonekana anatazama.

"Tamu," mzee alisema.

Osward alipokuja kumbeba, Doto alikuwa amekishika kichwa cha mzee kwenye bega lake, na kitambaa cha chakula kilikuwa bado wazi. Alimwambia mwanawe asiharakishe.

*

Dereva hakuweza kugeuza lori. Walimfikisha Telesphor Inyonga juu ya mahindi, wakamzika huko, kwa sababu njia ya kurudi Kabungu ilikuwa imefungwa nyuma yao.

Reli ilitengenezwa baadaye mwaka huo. Waya ulikuwa umelipiwa na haukurudishika. Osward alipoulizwa kwa redio ya parokia, alisema apewe yeyote anayeutaka, na akapewa mwalimu mmoja wa kike wa Geita, ambaye hakuelezwa ulitoka wapi. Dokta Leonidas alikwenda kusoma Ulaya, hakurudi.

Nathanael alirina msimu mmoja. Msimu uliofuata nyuki walihama mizinga mingi, akaiuza kama kuni. Osward hakununua tena randa. Anafanya kazi kwenye karakana ya mtu mwingine, ya majeneza. Odeta yupo, anauza maharage sokoni Shanwe. Doto alirudi Kabungu, akalima misimu miwili, akafa kwa malaria. Mpaka anakufa hakumweleza Osward nani alishika mwisho wa kamba.

Mashine ilizikwa na mzee, ikiwa kifuani. Kwa hesabu ya daktari, betri ilikuwa bado na miaka mitatu mbele yake.